Gifsicle kwenye kompyuta ya GB 4: nilivyoiona kutoka Nasser Road

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asome aende zake. Kama una folda iliyojaa picha zinazocheza, yaani GIF, na unataka zote zipungue ukubwa kwa mkupuo mmoja, sakinisha programu iitwayo gifsicle. Haina dirisha wala vitufe. Unaandika amri kwenye teminali, unabonyeza Enter, unakwenda kunywa chai. Haidai bando, haidai akaunti, haikuwekei nembo yake kwenye kona ya picha ya mteja. Kompyuta yangu ni ya mkono wa pili, ina GB 4 za kumbukumbu na betri iliyochoka zamani. Umeme ukikatika, nayo inazima. Mashine ya namna hiyo haibebi programu nzito, na gifsicle haiilemei hata kidogo.

Nafanyia kazi Nasser Road, Kampala, katika chumba kilicho juu ya mashine za uchapaji. Mtaa huu watu wanaujua kwa mabango, kalenda, kadi za harusi, vitabu vya risiti, na zile postera za viongozi wa dunia zinazouzwa mpaka vijijini. Chini yangu wanachapa karatasi mchana kutwa. Mimi natengeneza matangazo ya kwenye simu. Wateja wangu wengi wana maduka Kikuubo, watu wa jumla, ambao hawataki kusikia habari za pikseli. Kiswahili changu ni cha kambini, baba alikuwa askari, basi nitaandika ninavyozungumza. Wa Arua na Bombo hawatapata shida.

Mfano mzuri wa kazi yangu ni Hajati mmoja anayeuza vitenge. Tangazo lake moja linaishi maisha mengi. Natengeneza la mraba, pikseli 1080 kwa 1080, kitenge kinajikunja, bei inaruka, namba ya simu inawaka na kuzima. Hilo ni la kwanza. Kisha anataka la tovuti ya mwanawe, lisizidi 480 upana. Kisha kuna la kupeleka kwa watu wenye simu ndogo. Maagizo yake ni yale yale kila mara: "Mwanangu, hiyo hiyo, lakini ndogo." Idd ikikaribia, folda yake inakuwa na kila kitenge kilichoingia dukani, kila kimoja na GIF yake, na zote zinatakiwa hiyo hiyo lakini ndogo.

Wenzangu wengi hapa mtaani hutumia tovuti za bure za kupunguza GIF. Sitazitaja, ziko nyingi na zinafanana. Kwa picha moja, sawa. Kwa folda, hapana. Unapakia faili zote kwenda kwenye seva iliyo ng'ambo, inazipunguza, unazipakua tena, na bando linakatwa kwenda na kurudi. Ni kama kupeleka gunia la sukari la Kikuubo hadi Mombasa likapimwe kwenye mizani, kisha lirudi. Na tusisahau kwamba tangu Julai 2021 kila bando tunalonunua Uganda lina ushuru wa asilimia 12 ndani yake. Juu ya hayo, tovuti nyingi za bure zina kikomo cha ukubwa wa faili, na tangazo la mteja ambalo bado halijatoka linakuwa limeshalala kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Hajati hangependa jirani yake wa duka ajue bei za Idd mapema.

Kabla ya gifsicle nilikuwa mtu wa ImageMagick, programu nyingine ya amri ya kushughulikia picha, na bado naiheshimu. John Cristy aliianza mwaka 1987 akiwa kampuni ya DuPont, na mwaka huo huo CompuServe ndiyo walitoa GIF yenyewe, basi hao wawili ni wa rika moja. ImageMagick inafungua karibu kila aina ya picha. Shida yake kwenye GIF inatokana na namna inavyofanya kazi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukilielewa hili utaelewa pia kwa nini picha yako ilitoka imeharibika ulipojaribu mahali pengine.

GIF iliyotengenezwa vizuri haihifadhi picha nzima katika kila fremu, yaani kila hatua ya mchezo wake. Fremu ya kwanza ni kamili. Zinazofuata hubeba kipande kilichobadilika tu. Kama kinachowaka na kuzima ni namba ya simu peke yake, fremu ya pili ni kijipande cha namba ya simu pamoja na maelekezo ya mahali pa kukiweka. Ukiiambia programu isiyojua hilo ipunguze kila fremu iwe na upana wa 480, itakichukua kile kijipande na kukivuta kiwe 480. Namba ya simu inakuwa kubwa kuliko kitenge. Ndiyo sababu ImageMagick inataka uandike kwanza neno -coalesce, ambalo hujaza kila fremu iwe picha kamili, ndipo ipunguze, ndipo mwishoni uikate tena iwe vipande:

convert kitenge.gif -coalesce -resize 480x -layers optimize ndogo.gif

Inafanya kazi, na matokeo ni mazuri. Ila piga hesabu. Ile ImageMagick 6 inayokuja na Ubuntu nyingi, yaani Linux ninayotumia, huhifadhi kila pikseli kwa baiti 8. Fremu moja ya 1080 kwa 1080 ina pikseli 1,166,400, kwa hiyo ni zaidi ya MB 9. Tangazo la fremu 120 linataka GB 1.1 kabla hata ya kuanza kupunguza. Toleo la 7, kwa mpangilio wake wa kawaida, hutumia baiti 16 kwa pikseli, yaani mara mbili ya hapo. Mimi nina GB 4 kwa jumla, na kivinjari kimeshakula sehemu yake. Halafu Ubuntu na nduguye Debian wameweka faili la masharti, policy.xml, linaloizuia ImageMagick isizidi MB 256 za kumbukumbu. Ikizidi inaanza kuandika kwenye diski. Hapo feni inalia, kishale kinaganda, na kama diski nayo imefika kikomo cha masharti unapata ujumbe wa kwamba akiba imekwisha, na faili halitoki. Masharti hayo unaweza kuyapandisha kwa mkono. Lakini kuyapandisha hakuongezi kumbukumbu ndani ya mashine.

Gifsicle inakwenda njia nyingine. Inazichukua pikseli kama GIF yenyewe inavyozihifadhi, baiti moja kila pikseli, kwa sababu GIF haina rangi zaidi ya 256 katika paleti moja, yaani orodha yake ya rangi, na namba ya rangi inatosha kukaa kwenye baiti moja. Tangazo lile lile la fremu 120, hata kila fremu ikiwa kamili, ni MB 140 hivi. Mashine yangu inazibeba hizo na muziki unaendelea. Aliyeiandika ni Eddie Kohler, mwalimu wa sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Harvard, na inaonekana aliandika kitu kimoja cha kufanya kazi moja: GIF. Haijui JPEG, haijui PNG, haijui video.

Kuisakinisha kwenye Ubuntu:

sudo apt install gifsicle

Faili lenyewe ni dogo kiasi kwamba bando halitalisikia. Ni programu huria, leseni yake ni GPL, hulipi shilingi.

Na hii hapa skripti yangu, yaani amri zilizopangwa zijiendeshe zenyewe. Nimeiandika kwenye faili linaloitwa punguza.sh, naliweka ndani ya folda ya mteja na kuliendesha:

mkdir -p ndogo
for f in ./*.gif; do
  gifsicle -O3 --resize-fit 480x480 "$f" -o "ndogo/$f"
done

Mistari minne. Wa kwanza unatengeneza folda ya matokeo ili za asili zisiguswe. Unaofuata unapita kwenye kila GIF moja baada ya nyingine. Ule wa gifsicle unasema ipunguze kila picha ienee ndani ya mraba wa 480, bila kuipotosha umbo, na -O3 inaiambia ijitahidi kwa nguvu zote kubana matokeo. Kilichonipendeza kwenye --resize-fit ni kwamba picha ambayo tayari ni ndogo kuliko 480 inaachwa ilivyo, haikuzwi. Folda za wateja zina mchanganyiko, kubwa kwa ndogo, na sitaki picha ya 300 ivutwe mpaka itoke ukungu.

Zile alama za nukuu kuzunguka "$f" usizitoe. Wateja wa Kampala huyaita mafaili yao majina yenye nafasi katikati, mengine marefu kama barua ya kuomba kazi: tangazo la idd mwisho mwisho kabisa.gif. Bila nukuu, kompyuta inalisoma jina hilo kama mafaili sita tofauti na haioni hata moja. Ile ./ ya mbele nayo ina kazi yake: jina likianza na kistari, gifsicle ingedhani ni amri.

Kuna kijana anayejifunza kazi kwangu, na njia yake ya mkato ndiyo inayofaa kuonywa hapa. Aliona kuzunguka na for ni kujichosha, akaandika gifsicle, akaweka *.gif zote, kisha -o na jina moja. Gifsicle haikulalamika. Iliziunganisha GIF zote zikawa moja ndefu, vitenge vyote vikifuatana, kwa sababu hivyo ndivyo inavyoelewa ukiipa mafaili mengi na tokeo moja: inadhani unataka kuyaunganisha. "Kaka, mbona imetoka sinema?" akaniuliza. Ukitaka kweli kufupisha, ipo --batch, lakini hiyo inaandika juu ya faili la asili. Ya 1080 inageuka ya 480 na hakuna kurudi. Kwa kazi ya mtu mwingine siitumii --batch isipokuwa juu ya nakala, na sioni sababu ya kuitumia wakati for ni mstari mmoja.

Sasa rangi. Hapa ndipo gifsicle inapoweza kukuaibisha mbele ya mteja usipoijua, na mimi naona ndiyo kasoro yake kubwa.

Unapopunguza picha ya kawaida, kompyuta inachukua pikseli kadhaa zinazokaribiana na kutengeneza moja mpya yenye rangi ya kati. Nyeusi na nyeupe zikikutana zinatoa kijivu, na hicho kijivu ndicho kinachofanya ukingo wa herufi uonekane laini. Gifsicle kwa kawaida haitengenezi rangi mpya. Inabaki na paleti iliyoikuta ndani ya faili. Kama tangazo la Hajati ni maandishi meusi juu ya njano, na paleti yake ina rangi chache tu, hakuna rangi ya kati ya kutumia. Herufi zinatoka na meno. Namba ya simu inasomeka lakini kwa shida, na tangazo la dukani ambalo namba yake inasomeka kwa shida halina kazi.

Dawa imo ndani ya gifsicle yenyewe, ila haijiwashi. Unaongeza --resize-colors 64, na hapo picha yenye rangi pungufu ya 64 inaruhusiwa kuongezewa rangi za kati wakati wa kupunguzwa. Tofauti inaonekana kwa macho, hasa kwenye maandishi. Mimi sasa naiweka kwenye skripti ya matangazo ya maandishi moja kwa moja. Kwa nini haikuwekwa iwe ndiyo kawaida? Nadhani mwandishi aliogopa kuongeza ukubwa wa faili, na kweli linaongezeka kidogo. Lakini kwa watu wa matangazo, herufi laini ni muhimu kuliko KB chache.

Kuna pia --resize-method. Ya kawaida inaitwa mix, na inatosha. Ukitaka haraka sana bila kujali sura ipo sample, ambayo mwongozo wenyewe unakiri kwamba matokeo yake yana vumbi. Kwa picha za kitenge, zile zenye maua madogo madogo yaliyosongamana, mimi nimeipenda lanczos3. Maua yanabaki maua. Inachukua muda zaidi, lakini folda inapunguzwa mimi nikila rolex, ile chapati ya mayai, pale chini, kwa hiyo muda huo haunidai kitu.

Ukubwa wa faili ni habari tofauti na ukubwa wa picha, ingawa wateja wanavichanganya. Kutoka 1080 kwa 1080 kwenda 480 kwa 480, pikseli zinabaki kama moja ya tano. Ungetarajia faili nalo liwe moja ya tano. Mara nyingi haliwi. GIF hubana kwa njia ya LZW, inayopenda mistari mirefu ya rangi moja. Picha ikishapunguzwa na rangi za kati zikaingia, ile mistari inakatikakatika, na kubana kunakuwa kugumu. Ndiyo maana -O3 isikose. Na ikiwa faili bado ni zito, kuna vitu viwili vya kushika.

Cha kwanza ni --colors. Weka --colors 128, au hata 64 kwa matangazo ya rangi bapa, na utaona MB zinashuka. Usiogope ukiona onyo linalosema trivial adaptive palette. Maana yake ni kwamba picha ilikuwa na rangi chache kuliko ulizotaja, basi hakuna cha kupunguza. Kijana wangu alidhani ameharibu kitu.

Cha pili ni --lossy. Hii inakubali kuharibu picha kidogo ili ibanike vizuri zaidi. Ukiiandika bila namba inachukua 20; mimi kwa picha zilizotokana na kamera napanda hadi 60 au 80, na kwenye skrini ya simu chembechembe zake hazionekani. Lakini kwenye maandishi na nembo, achana nayo kabisa. Inaacha michirizi kuzunguka herufi, na nembo ya mtu ikiwa na michirizi utaambiwa umeichapa kwa wino mbovu, hasa mtaa huu ambao kila mtu anajua wino mbovu unavyofanana.

Kabla ya kupunguza chochote natumia gifsicle --info kwenye faili moja au mawili. Inakuambia idadi ya fremu, ukubwa wa kila fremu, rangi, na muda kila fremu inaokaa, ukihesabiwa kwa sehemu ya mia ya sekunde. Muda huu ni wa kuangalia. Fremu iliyowekewa sehemu moja ya mia, vivinjari vingi vinakataa kuifuata na kuipandisha hadi sehemu kumi, na GIF iliyokuwa ikikimbia kwenye programu ya kuchora inajikokota kwenye tovuti. Mteja atasema umeiharibu wakati wa kupunguza. Hukuigusa.

Muda unakuwa jambo zito zaidi ukipeleka mabango kwenye matangazo ya Google. Wao wanataka GIF isizidi KB 150, isicheze zaidi ya sekunde 30, na isizidi mwendo wa fremu 5 kwa sekunde. Tangazo la kijana aliyelitengeneza kwenye simu kwa fremu 25 kwa sekunde halipiti hapo hata ulipunguze mpaka liwe dogo kama stempu. Kwa hiyo naziacha nyingine na kubaki na moja katika kila tano, kisha naweka muda upya:

gifsicle -U -d25 bango.gif $(seq -f "#%g" 0 5 115) --resize-fit 300x250 -O3 -o bango-google.gif

Ile 115 ni ya GIF yenye fremu 120; ya kwako utaijua kwa --info, na ukitaja fremu isiyokuwepo itakataa. -U ndiyo ya lazima. Kumbuka fremu zinabeba vipande tu. Ukiondoa ya katikati bila kuzijaza kwanza, ile inayofuata inaweka kipande chake juu ya kitu ambacho hakipo tena, na picha inabaki na mabaki ya fremu zilizopita. Wakati mwingine -U yenyewe inagoma na kusema GIF ni tata mno kujazwa. Hutokea fremu zinapokuwa kila moja na paleti yake. Ujumbe huo huo unakuelekeza uipitishe kwanza kwenye --colors=255, nami sina la kuongeza; inafanya kazi. Napenda programu ambayo ikikataa inakuambia la kufanya.

FFmpeg nitaipitia haraka kwa sababu si kazi yake, ingawa wengi wanaitumia. Fabrice Bellard aliianzisha mwaka 2000 kwa ajili ya video, na kama chanzo chako ni video, anza nayo, usianze na gifsicle. Ina vichujio viwili, palettegen na paletteuse: cha kwanza kinatazama video nzima na kuchagua rangi 256 zinazofaa, cha pili kinazitumia. Bila hivyo viwili utapata nyuso za watu zenye madoadoa. Inapunguza kwa uzuri kuliko gifsicle, nakubali, maana inatengeneza paleti upya baada ya kupunguza. Lakini amri yake ni ndefu kama treni ya mizigo na mabano yake yananichosha, na tokeo lake mara nyingi bado nalipitisha kwenye gifsicle -O3 ili libanike.

Kwa wa Windows: gifsicle ipo, skripti itabidi uiandike upya kwa PowerShell au utumie Ubuntu ndani ya Windows, ambayo ndiyo njia ninayoishauri. Na ukijaribu ImageMagick ya zamani kule, jihadhari na lile neno convert. Windows ina programu yake yenye jina hilo hilo, na hiyo kazi yake ni kugeuza mfumo wa diski, haina habari na picha. ImageMagick 7 imebadilisha ikawa magick, ndiyo uitumie.

Nikiipa alama, gifsicle inapata 8 kati ya 10. Moja naikata kwa ajili ya --resize-colors iliyofichwa, maana mtu mpya hawezi kuijua mpaka asome mwongozo mrefu uliopo kwa Kiingereza tu. Nyingine naikata kwa sababu haisemi chochote inapofanya kazi. Folda kubwa, kimya kabisa, hujui imefika wapi. Nimeongeza echo "$f" kabla ya mstari wa gifsicle ili majina yapite kwenye skrini, na umeme ukikatika katikati najua pa kuanzia.

Kazi ya karibuni ilikuwa stika za WhatsApp. Hajati aliona mwenzake anazo, naye akataka vitenge vyake vicheze kwenye mazungumzo ya wateja. Stika inayocheza lazima iwe WebP, aina nyingine ya faili la picha, 512 kwa 512 kamili, isizidi KB 500 wala sekunde 10. Gifsicle haiijui WebP. Inayogeuza GIF kuwa WebP ni gif2webp, iliyomo kwenye kifurushi cha Ubuntu kiitwacho webp, lakini yenyewe haijui kupunguza picha. Zinasaidiana: gifsicle --resize 512x512 inatangulia, maana za Hajati ni mraba tayari, kisha gif2webp -lossy -q 50 inamalizia. Mistari hiyo miwili ndani ya for ile ile, na folda yote ikatoka ikiwa stika. Zilizozidi KB 500 nilizirudia kwa --colors 64 na fremu pungufu.

Nikampelekea dukani kwenye simu. Akaziangalia moja moja, akacheka pale kitenge cha bluu kilipojikunja, akampa binti yake naye aone. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, na muziki je?"

GIF haina sauti, Hajati. Muziki ni MP4, na MP4 ina bei yake.